Niliyempa Majani Ananitaka Nihame

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisikilize kabla sijamaliza kufunga vyombo.

Mimi ni Nasha, kwetu Olbalbal, Umasaini, ila huu ni mwaka wa tatu napanga Karatu mjini, nilikuja ili binti yangu Nanyori asome, sasa yuko darasa la saba, na nyumba ni ya mzee Lazaro, Mwiraqw mmoja mpole, aliyeniruhusu nikandike kuta za ndani kwa samadi na majivu kama kwetu, maana ukungu wa hapa hushuka asubuhi kutoka msituni ukaingia hadi kitandani, na tangu nikandike, nikiamka sijui kama niko Karatu au niko kwa mama yangu, nasikia hata kengele za ng'ombe ambao hawapo. Kwetu nyumba ni ya mwanamke aliyeikandika. Najua Karatu si hivyo, lakini mikono yangu haijui.

Mwezi uliopita mzee alikuja na Vedasto, mwenye magari ya watalii, akasema amemuuzia nyumba. Nikafanya alivyonifunza mama, nikachuma majani mabichi uani nikamwekea mgeni mkononi, nikamwambia aingie kwa amani, kwa sababu kwetu ukishikana majani na mtu hamgombani tena. Akatabasamu, akamgeukia mzee. "Umeona, mama ameshaniachia nyumba kwa baraka zake."

Nikadhani ni utani, kumbe wiki iliyofuata akarudi kusema nitoke mwisho wa mwezi huu, anataka vyumba vya wageni, na nikimwambia mkataba wangu unaisha Desemba na kodi nimeshalipa yote, anajibu mkataba huo ni wa Lazaro si wake, na kwamba nilimbariki mwenyewe. Jirani yangu Cresensia ananicheka, anasema nimegawa nyumba kwa majani. Naogopa, mshauri. Nikikataa nitakuwa nimevunja amani niliyoitoa kwa mkono wangu, na nikikubali Nanyori atafanya mtihani wa taifa hatuna pa kulala. Kila nikisinzia naota nimeipakia nyumba juu ya punda, kuta, mlango na ukungu wake, tunatembea kwenda Olbalbal na hatufiki.

Nasha, Karatu

Mama Nanyori, marahaba. Ndoto yako nimeipenda, ila huyo punda mshushe mzigo.

Nimekuonea huruma, na nimekukasirikia kidogo. Unafunga vyombo kwa neno la mdomo tu? Majani yale yalikuwa ya amani, na amani haimhamishi mtu. Kama kuna aliyeivunja, ni yule aliyeyapokea kisha akarudi kukufukuza. Aibu hiyo si yako, mwachie mwenyewe.

Nyumba ikiuzwa, mkataba wa mpangaji haufi. Vedasto amenunua nyumba na wewe ukiwa ndani, kwa hiyo amechukua nafasi ya Lazaro, haki zake na wajibu wake. Hana ruhusa ya kung'oa mlango wala kukukatia maji.

Sasa la kukuudhi. Samadi yako haijakupa nyumba. Kwenu aliyekandika ndiye mwenye nyumba, hapa ni mpangaji aliyekandika. Mkataba ukiisha na mwenye nyumba asipotaka kuuongeza, utahama, kwa hiyo anza taratibu kuulizia nyumba nyingine.

Kesho peleka nakala ya mkataba na risiti kwa mwenyekiti wa kitongoji, aite Vedasto na mzee. Mzee Lazaro aseme mbele yao kwamba alipokea kodi hadi Desemba. Upole wake usiwe kichaka cha kujifichia. Usisaini chochote, usipokee fedha ya kuondokea. Vedasto akikaza shingo, usingoje mwezi uishe, nenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya uombe zuio asikutoe, na uulizie msaada wa kisheria wa bure.

Akija tena mpe chai, zungumza naye vizuri, ufunguo ubaki kwako. Halafu fungua vyombo, upike, mwanao asome. Mpaka Desemba, anayebisha hodi hapo ni Vedasto, si wewe.