Ukurasa wa Kumi na Tano

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Ikonge tu wazima, na mama yako bado anachuna majani chai. Umeniuliza kama ufute maoni ya matusi kwenye blogu ya ofisi yenu.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa faili katika ofisi ya ardhi huko Nyamira. Mjane mmoja alituandikia kuhusu mpaka wa shamba lake, akatutukana. Nilikasirika, nikaing'oa barua yake kwenye faili. Kesi ilipoanza, alikuja kuitafuta iwe ushahidi wake. Faili ilitoka ukurasa wa kumi na nne ikaruka hadi kumi na sita.

Hakunitukana tena. Aliniuliza polepole, "Mwanangu, si niliandika?"

Sikuweza kumjibu. Hao wako wa blogu bado unaweza kuwajibu.

Nyanya yako,
Kerubo