Noeli ya Uyoga Igalula

Jumanne, 20 Desemba

Kuta tatu za nyumba ya Baba zimeshapakwa udongo mweupe. Bado wa jikoni. Mgongo unauma. Kila shule ikifungwa, walimu wenzangu hupumzika. Mimi huja Igalula kuwa mpishi mkuu wa ukoo mzima. Watu sitini, wengine hata majina yao nayachanganya.

Zaidi ya theluthi ni watu wa Baba mdogo Rashidi, ndugu wa Baba wa tumbo moja. Babu, mpagazi wa zamani wa misafara ya pwani, aliwaacha mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu. Akawaachia na agizo: sikukuu zote zao wote, sinia moja. Ndiyo maana ng'ombe wa Noeli huchinjwa na Baba mdogo, asiwepo wa kukaa kando. Idd ikifika, sote tunahamia kwake Ng'ambo, Tabora mjini.

Jumatano, 21 Desemba

Barua kutoka Ng'ambo. Mguu wa Baba mdogo umevimba, mwaka huu hawatakuja. Baba aliikunja barua mara nne, akaenda kukaa nyuma ya ghala. Mama alilia kidogo.

Mimi nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Watu ishirini na wawili wamepungua. Nitasonga ugali mara mbili badala ya tatu. Nitakaa chini kama watu wengine.

Alhamisi, 22 Desemba

Mvua. Ukuta wa jikoni niliopaka jana umechirizika wote.

Ijumaa, 23 Desemba

Tumechinja. Mama alitaka nimwite Mzee Juma wa duka la stesheni achinje yeye, kana kwamba Baba mdogo yupo. Nilimjibu, Mwislamu gani atakayekula? Mawingu yalikuwa yanakuja, nami nina haraka zangu. Mdogo wangu Yosefu, karani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huko Mwanza, akachukua kisu. Kazi ilikwisha kabla ya mvua.

Mama aligeuka, akachukua ungo. Alikaa kuchambua mchele mpaka jioni. Nyama ni nzuri, ina mafuta.

Jumamosi, 24 Desemba

Treni imewashusha wote. Wote ishirini na wawili. Baba mdogo mbele, anatembelea fimbo, anacheka. Alishindwa kukaa Ng'ambo akijua sisi tuko huku.

Nilipiga goti. Shikamoo Baba mdogo. Marahaba mwanangu, ng'ombe wangu yuko wapi?

Nilimwambia. Nilimwambia na ya Mzee Juma, kwamba nilikataa kumwita. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema, "Basi tutarudi na treni ya kesho. Msiharibu sikukuu yenu kwa ajili yetu." Yenu. Tangu nizaliwe sijamsikia akisema yenu. Wake zake walikuwa bado hawajatua vikapu.

Yosefu akashauri tupike vyungu viwili, wao maharage, sisi nyama. Kwa aibu yangu, nami niliona ni shauri zuri. Baba, ambaye siku hizi hata kuinuka kitini ni kazi, aliinuka. Akasema ndugu yake asichokula, yeye hali. Nyama yote itolewe, isibaki hata mfupa. Yosefu alinuna. Ng'ombe tuliyemnenepesha tangu kiangazi, na kuku walishakwisha kwa ugonjwa wa kideri.

Nimezunguka na beseni kichwani nyumba kwa nyumba mpaka mkono umekufa ganzi. Majirani wameniombea baraka. Sikustahili hata moja. Niliporudi Baba mdogo alikuwa amekaa karibu na Baba, vikapu viko chini. Hakusema kama anabaki au anaondoka.

Jumapili, 25 Desemba. Noeli

Alfajiri, kabla ya misa, sauti ya Baba mdogo uani: nani anakwenda porini? Mvua ile ya Alhamisi imeotesha uyoga. Tulikwenda wanawake wote na watoto, wa Igalula na wa Ng'ambo. Mguu haumruhusu kuinama, kwa hiyo alikaa juu ya kisiki na kukagua kila tulichomletea. Huu unaliwa. Huu tupa. Bibi aliwafundisha yeye na Baba wakiwa wadogo. Baba mwenyewe alishasahau zamani.

Nilibaki naye nyuma. Nikamwambia lililokuwa limenikaa kooni: barua yake ilinifurahisha. Alinitazama sana, kisha akasema, "Hata mimi ningefurahi. Sisi tunakula mno."

Nilicheka huku nalia. Mtu mzima, mwalimu.

Baada ya misa tukala. Uyoga kwa karanga, nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, wali, ugali, asali. Sinia za pamoja, watu wamebanana mpaka magoti yanagongana. Yosefu aliongeza mara tatu. Baba na ndugu yake walikula kutoka sahani moja. Nimesonga ugali mara tatu na mikono imepata malengelenge. Asante Mungu. Asante kwa kila mdomo.

Jumatatu, 26 Desemba

Wameondoka na treni ya asubuhi. Nilimsindikiza Baba mdogo stesheni, taratibu, ameshika bega langu.

Alipokwisha kukaa alinitolea kichwa dirishani. Wake zake wamechoka, alisema. Idd hii nije siku tatu kabla, nisimamie jiko la Ng'ambo. Nipike mimi, watu wake wote wale nitakachopika.

Nilitikisa kichwa kukubali, treni ikaondoka.

Nyumba ni kimya. Mama amelala. Nimeosha masinia, nimeyaegemeza ukutani yakauke. Shule ikifunguliwa, jambo la kwanza ni kuomba ruhusa ya Idd.