Medali ya Mwanzilishi wa Siku Arobaini

Mpendwa Shangazi Emiliana,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuandika marefu, lakini nina jambo limenikaa kooni, hii ni wiki ya tatu. Mimi ni kijana wa miaka thelathini, nakaa Nkuhungu, nilikuwa karani wa shirika la umma hadi mwaka juzi tulipopunguzwa kazi, na tangu hapo heshima pekee niliyobaki nayo ni ukatibu wa kanisa letu dogo la Kimethodisti, ambalo mwaka huu wa 1996 limetimiza miaka thelathini, na kamati ikaamua waanzilishi wavishwe medali za shaba.

Sasa ikaja kazi ya kujua mwanzilishi ni nani, maana kila mtu alijiona mwanzilishi, na mimi ili kumaliza ubishi nikasema tufuate ukurasa wa kwanza wa daftari la ubatizo, tukakuta majina kumi na moja, la mwisho likiwa langu mimi, niliyebatizwa nikiwa na siku arobaini. Mzee Nikodemo akauliza, "Na Bibi Anyesi je?" kwa sababu ibada za miaka miwili ya kwanza zilifanyika kwenye tembe lake, na maji ya kufyatulia matofali ya kanisa aliyachota yeye, lakini alikuwa mke wa pili, wazee wa wakati ule wakamkatalia ubatizo mpaka mumewe alipofariki, kwa hiyo jina lake liko ukurasa wa tisa. Nikamjibu mzee, "Daftari ni daftari." Shangazi, nilishaona jina langu, na ile medali niliitaka.

Basi fundi Abbasi wa Kizota akatuchongea medali kumi na moja, nzuri kweli, na kwa kuwa siku hizi madukani kila kitu kipo tukapata na utepe wa buluu. Siku ya sherehe nilipoitwa watu wakacheka kwa furaha, na aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Bibi Anyesi, kisha nje akanisogelea akainyoosha medali kifuani pangu akasema, "Imekaa upande, mjukuu wangu. Siku ile ulilia sana, nikakubeba mgongoni mpaka ibada ikaisha." Tangu hapo hajaonekana kanisani Jumapili tatu, wala haumwi, wanasema yuko kwake anapura uwele kama kawaida. Mke wangu Elieth anashauri niifunge medali kwenye bahasha nimpe mtu ampelekee bibi, mchungaji anasema nikiirudisha nitaiaibisha kamati, na mimi naogopa nikimpa ataona namdhihaki. Nifanye nini?

Katibu mwenye aibu, Nkuhungu

*

Katibu,

Marahaba. Mficha uchi hazai, na wewe umeandika kwa mkono wako kwamba medali uliitaka, kwa hilo nakupongeza. Mtu aliyepoteza kazi akitamani kitu cha kuvaa kifuani, namwelewa kabisa. Lakini mwanangu, siku arobaini! Ulianzisha nini pale, zaidi ya kelele? Daftari halikukosea hata kidogo. Liliandika waliobatizwa. Ninyi mkaliuliza nani alijenga, na wewe jibu ulikuwa nalo, tena mzee alikuuliza waziwazi.

Bahasha sitaki kuisikia. Heshima aliyonyimwa mbele za watu hairudishwi kwa kificho. Nenda kwake Jumamosi hii asubuhi, kabla jua halijawa kali, na medali uiache nyumbani. Ukimkuta anapura, omba fimbo upure naye. Kisha mwambie kama ulivyoniambia mimi: niliulizwa habari zako, nilijua, nikakuruka kwa sababu nilikuwa najitakia. Usimtaje mchungaji, usiitaje kamati. Halafu nyamaza, msikilize. Huenda medali haitaki kabisa. Huenda anataka tu lisemwe kanisani kwamba lile tembe lilikuwa lake. Mwanamke aliyekataliwa ubatizo na bado akawafungulia mlango kila Jumapili hakufanya hivyo kwa ajili ya utepe wa buluu. Na vigelegele vyake vilikuwa vya kweli, alikufurahia, ndiyo maana inauma.

Mchungaji mwambie kwa adabu kwamba aibu mnayo tayari, kila Jumapili bibi anapokosekana. Mwombe dakika tano baada ya matangazo, usimame wewe mwenyewe uliyesema daftari ni daftari. Kama bibi ameridhia, umvishe medali hiyo kwa mikono yako. Kisha, kwa kuwa wewe ni katibu, keti uandike historia ya kanisa lenu ukianzia nyumbani kwake, na kabla hajaiona mtu mwingine umsomee.

Akikataa kuja, usikate tamaa, rudi Jumamosi nyingine na nyingine tena. Ila usingoje kikao cha kamati. Huyo ni mtu mzima sana. Nenda angali na nguvu za kukugombeza, na zikibaki, za kukusamehe.

Shangazi Emiliana