Kanisa la Kanali

Jumatatu, 3 Novemba. Beni.
Matangazo ya asubuhi redioni, kama kawaida: vifo, vitambulisho vilivyopotea, mbuzi aliyeokotwa. Nilipotoka studio nilimkuta Mama Kahindo mlangoni. Mumewe Paluku, mwinjilisti wa kanisa la Kiprotestanti mtaani Ruwenzori, alikamatwa Ijumaa kwenye bariyeri ya askari barabarani akiwa na katoni ya betri. Wanasema anawapelekea waasi. Ni betri za megafoni anayoitia watu kwenye sala ya alfajiri. Nimethibitisha kwa muuzaji na kwa majirani wawili, Wakatoliki, wasiompenda kwa sababu ya kelele hizo. Yuko mahabusu ya kambi ya jeshi, mikononi mwa kanali mpya.

Jumanne, 4 Novemba.
Habari ilikuwa tayari. Pasta wa kanisa la Paluku akaja, mkurugenzi wa redio akamketisha kwenye kiti changu. "Kanali ni mutoto wa kanisa yetu," pasta aliniambia. "Hapana kumuchafua ku radio. Acha tuzungumuze kindugu." Mkurugenzi akakubali. Habari imewekwa kando. Nina hasira.

Jumapili, 9 Novemba.
Nilikaa nyuma kanisani. Kama ilivyo desturi, wageni waliitwa wasimame na kutaja kanisa walikotoka. Kanali alisimama, akasema alibatizwa mtoni, kwa kuzamishwa. Makofi. Wazee wakamwekea mikono, wakampa jogoo. Mheshimiwa mmoja wa siasa alikuwa kando yake, macho yamefumbwa. Jina la Paluku halikutajwa. Mgeni haombwi kitu siku ya kupokewa. Mama Kahindo alikuwa safu ya nne.

Jumatano, 12 Novemba.
Pasta amesali na kanali kambini. Amerudi na furaha. Paluku bado ndani. Ugali na majani ya sombe alivyopelekewa leo vimerudi bila kuguswa. Askari hawakueleza.

Jumapili, 16 Novemba. Butembo.
Misa na mama yangu. Safu ya mbele: kanali, na mheshimiwa yuleyule. Kanali alipokea komunyo kwa ulimi, kama mtu aliyelelewa na masista. Paroko alimwita mwana wa Kanisa. Mama alipendezwa: "Nilijua iko Mukatolika. Angalia vile anapiga magoti."
Nje nilimuuliza mlinzi wa kanali kuhusu hilo. Alicheka. "Muzee, chef, mukubwa wetu, iko na kanisa mbili, sawa vile iko na bibi mbili. Kila moja inapika."
Sikucheka. Watu wa aina hii huamua nani afe na nani aishi, na sisi tunagombania mahali pa kuwakalisha.

Jumatatu, 17 Novemba. Beni.
Pasta alipokuja redioni nilimweleza nilichoona. Hakumkasirikia kanali. Aliwakasirikia Wakatoliki, eti wamemwiba. Sasa wazee watampelekea beberu; jogoo hakutosha. Mama Kahindo alikuwa amesimama hapo anasikia.
"Akuwe Mukatolika, akuwe Muprotestanti, mi sina shida," alisema. "Kanali ndiye iko na funguo. Askari moja ameniambia bwana yangu anatapika damu. Munipatie mikro."
Mkurugenzi akaanza kueleza utaratibu. Mama Kahindo akampita, akaingia studio. Nikamfungulia kipaza sauti. Alitaja jina la mumewe, siku aliyokamatwa, betri, damu. Hakuomba sala.
Nimesimamishwa kazi. Sawa.

Alhamisi, 20 Novemba.
Tangu juzi wanawake wamekaa mbele ya lango la kambi na masufuria yao, hawapiki, hawaimbi. Wa kanisa hili na wa lile. Wale majirani wawili wamo. Magari ya jeshi hayapiti. Leo asubuhi Paluku ameachiwa bila maelezo. Alitembea kwa kushikiliwa pande mbili.

Jumapili, 23 Novemba.
Nasikia pasta amemshukuru kanali madhabahuni. Nasikia parokiani nako wamemshukuru. Sikwenda kokote. Nilikuwa kwa Mama Kahindo, anamkanda Paluku mgongo kwa maji ya moto. Mkono wa kulia bado hauinuki.
Akaja mjumbe wa pasta: Paluku avae koti, gari linangoja, aende kambini kutoa shukrani.
Mkewe hakugeuka.
"Mumwambie anaoga bado," alisema.
Mjumbe akarudi kwenye gari. Maji yalikuwa yamepoa. Nikaenda jikoni kuleta mengine.