Ngumu za Baba Bila Ngano

Jumamosi, Kangemi

Kweli mazoea yana taabu. Nimepima unga wa muhogo na wa mtama vizuri wa kuokea Baba ngumu, vile vikeki vikavu vya kuchovya kwenye chai, nikatia mayai ili ushikane, halafu wakati wa kusukuma nikanyunyizia meza unga wa ngano, kama ninavyofanya nikipika chapati! Nimekasirika karibu nilie. Donge lote nikampa jirani, Mama Shiru. Akafurahi sana, na hiyo ikaniudhi zaidi.

Tangu daktari amkataze Baba ngano kwa sababu ya tumbo, saa kumi sisi tukichovya ngumu kwenye chai, yeye hushika kiazi kitamu na kutazama pembeni. Halalamiki. Afadhali angelalamika.

Nikasugua meza, nikaanza upya. Nimezioka kwa sufuria yenye mchanga, makaa juu ya kifuniko, vile marehemu Mama alivyonifundisha. Baba akachovya ya kwanza, ikakatika, ikazama kikombeni.

"Hii sasa ni uji," akasema, akaomba kijiko.

Nikazirudisha motoni zikauke zaidi. Safari hii zikashika. Amekula mbili, nami nikajifanya naosha vyombo. Bado naogopa tumbo lake, lakini mpaka sasa ametulia.

Nilipokuwa napiga pasi koti lake la kanisani nikagusa kitu mfukoni. Ngumu moja, imefungwa kwa leso. Kumbe kesho wazee wakinywa chai baada ya ibada, anataka naye awe na yake ya kuchovya.

Nimefungua leso, nikaongeza nyingine.