Kasongo Juu ya Reli

Mujukuu wangu Ngoie,

Barua yako imefika. Hapa Kamina tuko wazima, na muhogo ya nkambo yako mwanamuke imetoka muzuri. Kizunguzungu yangu imeisha kabisa. Siku ile uliponilalisha, ukageuza kichwa yangu, ukangoja, ukageuza tena, nilizani masomo ya udaktari imekuchezesha akili, kumbe ile njo dawa.

Unauliza kama zamani, kwa kazi ya reli, niliona muntu mwenye ugonjwa hii. Alikuwa Kasongo, mufundi wa freni, zile breki za treni. Miye njo nilikuwa kapita yake, musimamizi wa kazi, mbele ya uhuru. Kila akilala chini ya wagoni, kichwa inamuzunguka, anatapika. Tukasema ni pombe ya lutuku. Muntu tuliyezani amelewa, tulikuwa tunamutembeza juu ya reli moja. Kasongo alitembea urefu wa wagoni tatu bila kuanguka. Akaniambia, "Kapita, nikisimama niko muzima. Inanishika nikilala tu, nikigeukia kuume."

Nilimusikia vizuri. Lakini asubui nilikuwa nimekwisha kumuambia shefu Mubeleji kama Kasongo amelewa, na niliona haya kurudisha neno yangu. Nikaingia mu biro ya shefu, nikaacha neno yangu vile ilikuwa. Wakamufukuza siku ileile. Alirudi kwao Kaniama, sikumuona tena.

Ngoie, mbele ya kunigusa uliniuliza, "Nkambo, inakushika ukigeukia upande gani?" Machozi ikanitoka, na weye ukanipangusa, ukasema ni ugonjwa njo inaniliza.

Nkambo yako,
Mutombo