Siku Ile Sikucheka

Singe, Babati

Mdogo wangu, Mama Upendo,

Marahaba. Najua moyoni hukosi kuniamkia, hata ukiwa umenikasirikia. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Huko Njombe baridi imepungua? Mimi kifua kimenilaza. Ningependa kuja kukueleza haya ana kwa ana, lakini mabasi yamekwama kwa kukosa vipuri, nami sina tena nguvu za kupanda lori.

Paskalina, binti wa jirani yangu, amerudi kutoka hospitali, alikokwenda kunyooshwa taya. Sabuni na shuka alibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Jana aliniletea chai isiyo na sukari, akakaa karibu na kitanda.

"Babu, daktari aliweka vidole viwili hivi, chini ya taya. Akasema, 'Nakata huku chini, maana hapo juu unapita mshipa wa fahamu wa mdomo, mwembamba kama uzi. Nikiukata, mdomo utakwenda upande.'"

Akanywa, akacheka. Mdomo ukafunguka pande zote mbili sawasawa.

"Nimekushinda, Babu! Wewe chai inakumwagikia kidevuni."

Niligeukia ukutani.

Mdogo wangu, mimi nilikatwa juu mno. Nilianguka na baiskeli, taya likaunga vibaya, nikaenda kunyooshwa. Sikuwaandikia kwa sababu Mama alikuwa mgonjwa. Nikafuga ndevu kuficha kovu. Kisha ikaja simu ya msiba.

Pale kaburini nililia, lakini nusu ya mdomo wa chini haikunitii. Mdomo ukapinda, meno yakatokea upande mmoja. Wewe ukanishika koti mbele ya wajomba: "Kaka, unacheka? Mama anashushwa, wewe unacheka?"

Nilipotaka kujibu, mate yakanitoka. Nikaona aibu, mwalimu mkuu mzima. Nikaondoka kabla ya kutupa udongo. Tangu siku hiyo hujaniandikia, na sikulaumu. Macho yako yaliona kicheko.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, Upendo na wanawe, na mjomba katekista, mwambie aniombee.

Sidhani nitafika tena nyumbani. Ukienda kaburini, chota udongo, utupe kwa mkono wako kwa niaba yangu. Umwambie Mama nilikuwa nalia.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Anyelwisye